Maswali ya Wasomaji: Panya wa SUA, Mbegu Zinazofukuliwa na Homa ya Mgunda

Mwezi huu barua nyingi zimekuja kuhusu panya, nadhani kwa sababu ya zile picha za panya wa Morogoro, wale wanaofundishwa kunusa pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), zilizozunguka sana kwenye simu, basi nimeona nizijibu zote kwa pamoja. Nimechagua nne, zile zinazofanana nimezichanganya.

SWALI: Daktari shikamoo. Nina mtoto wa miaka sita anakohoa wiki ya tatu sasa, dawa za kikohozi tumempa hazisaidii. Nimesikia pale Chuo cha Sokoine kuna panya wananusa TB na hawakosei. Je naweza kumpeleka mtoto anuswe? Nauli nitatafuta. (Mama, Gairo)

Marahaba mama. Naanza na mtoto, habari za panya zitafuata. Usitafute nauli ya Morogoro, mpeleke kesho asubuhi kituo cha afya kilicho karibu na wewe au hospitali ya wilaya, waambie anakohoa zaidi ya wiki mbili, na waambie pia kama anapata homa jioni, kama anatoka jasho usiku, kama amepungua uzito au hachezi kama zamani, na kama nyumbani kuna mtu mzima mwenye kikohozi cha muda mrefu, maana mtoto TB mara nyingi anaipata kwa mtu anayelala naye nyumba moja. Kupima TB na dawa zake kwenye vituo vya serikali ni bure. Na usikubali kurudishwa eti kwa sababu mtoto hawezi kutoa makohozi, watoto wengi hawawezi, wanameza, ndiyo maana sa hivi hata choo cha mtoto kinaweza kupimwa kwenye mashine ya GeneXpert, uliza.

Sasa panya. Kwanza hawanusi mtu, hilo watu wengi hawalijui. Wananusa sampuli ya makohozi. Sampuli zinatoka kliniki, zinapashwa moto kwanza ili bakteria wafe asije akaambukizwa panya wala mfanyakazi, halafu zinapangwa kwenye mstari chini ya kizimba chenye matundu. Panya anaachiwa upande mmoja, anakwenda tundu kwa tundu haraka haraka, tundu lisilo na kitu analipita kama halioni. Akifika kwenye harufu anayoijua anasimama, pua iko palepale sekunde kama tatu hivi, anaanza kukwaruza. Hapo anasikia mlio mdogo wa "tik" na anakimbia upande wa pili kupewa ndizi iliyopondwa. Sampuli 100 anazimaliza ndani ya dakika 20 hivi, kazi ambayo mtu mwenye darubini angeifanya kwa siku kadhaa.

Ila sikiliza hapa mama, ndipo penyewe. Kati ya zile sampuli kuna nyingine ambazo watafiti tayari wanajua zina TB, wameziweka makusudi, na ndizi panya anaipata kwa hizo tu. Akisimama kwenye sampuli ambayo kliniki ilisema haina kitu, hapewi ndizi, maana hakuna anayejua bado kama amepatia. Ile sampuli inachukuliwa inarudishwa maabara inapimwa upya kwa njia ya binadamu, ikionekana kweli ina bakteria ndipo kliniki inaambiwa imtafute yule mgonjwa. Kwa hiyo panya hatoi jibu, anaonyesha mahali pa kuangalia tena. Shirika la Afya Duniani bado halijampitisha panya kuwa kipimo rasmi cha TB, na wale watafiti wenyewe hawasemi kwamba hakosei, wanaosema hivyo ni watu wa mitandaoni.

Na bado faida yake ni kubwa mno, mimi naiheshimu sana kazi hii. Darubini ya kawaida inahitaji bakteria kama 10,000 kwenye mililita moja ya makohozi ndipo iwaone vizuri, sasa mtoto au mtu anayeishi na VVU mara nyingi ana bakteria wachache kuliko hapo, anaambiwa huna TB, anarudi nyumbani na TB yake. APOPO, shirika lenye asili ya Ubelgiji ambalo liko pale SUA tangu mwaka 2000, linasema vituo linavyoshirikiana navyo vimeongeza wagonjwa wanaogundulika kwa karibu asilimia 40. Hao ni watu walioshaambiwa wako salama. Kwa hiyo mama mtoto akipimwa akaambiwa hana, na kikohozi kikaendelea, usikae nacho nyumbani. Mrudishe, omba apimwe tena.

SWALI: Daktari mimi ni mkulima wa mahindi. Msimu uliopita nimepanda, baada ya siku nne naenda shambani nakuta vishimo vimefuata mstari kabisa kama mtu alikuwa anafukua na kijiti, mbegu hakuna. Nikapanda tena, hivyo hivyo. Nimenunua sumu nimemwaga lakini wapi. Hao wa chuo wanawafundisha panya kunusa, kwa nini wasiwafundishe kuacha mahindi yetu? (Mkulima, Kilosa)

Pole sana ndugu yangu, kupanda mara mbili ni hasara ya mbegu na ya msimu wenyewe. Ila panya wako na wale wa kunusa sio ndugu wa karibu. Wale ni panya buku, mkubwa, anafika hata kilo moja na zaidi, anaishi peke yake shimoni. Anayekufukulia mbegu ni panya shamba, yule mdogo wa kahawia ambaye wataalamu wanamwita Mastomys natalensis. Jike la panya shamba lina chuchu hadi 24, anabeba mimba kama siku 23, anazaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo. Ukiwaza hizo hesabu unaelewa kwa nini sumu yako haikufua dafu.

Na hapa SUA wamefanya kazi ambayo haipigwi picha lakini kwangu mimi ndiyo ya maana zaidi kwa mkulima. Kwa miaka mingi, mwezi hadi mwezi, wamekuwa wakitega panya kwenye mashamba ya Morogoro, wanampima, wanamwekea alama, wanamwachia, mwezi ujao wanaangalia nani kabaki nani mpya. Kazi ya matope na umande hiyo. Kwa kufanya hivyo, wao pamoja na wenzao wa Ubelgiji wakaja kuona kwamba milipuko ya panya inafuata mvua. Kwa kawaida panya shamba anaanza kuzaa masika ikishakolea, lakini vuli ikinyesha sana na mapema, majani na mbegu zinakuwepo mapema, anaanza kuzaa miezi kadhaa kabla, na wale watoto nao wanawahi kuzaa ndani ya mwaka huohuo. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1996. Maana yake ukiona vuli ya nguvu, wewe na kijiji chako mjue msimu unaofuata kuna wageni, msisubiri kuona vishimo.

Kwako wewe basi. Panya anaharibu zaidi siku ile ya kupanda mpaka kama wiki mbili baadaye, mche ukishakomaa kidogo anahangaika na vitu vingine. Wewe umeweka sumu baada ya kuona vishimo, yaani hasara imeshapita, na hata hao uliowaua nafasi yao imejazwa ndani ya siku chache na panya wa shamba la jirani, hili limeonekana wazi kwenye utafiti. Kinachosaidia ni kuwapunguza kabla ya kupanda, wiki moja au mbili kabla, na mfanye wote, wewe na majirani, kwa siku zilezile. Mkiongea na afisa ugani wa kata mapema anaweza kuwaombea chambo halmashauri, kwenye milipuko mikubwa serikali huwa inatoa. Sumu ya panya ni sumu kweli, inaua kuku, paka, mbwa na mtoto, isiachwe juu ya tuta, iwekwe ndani ya shimo au chini ya kigae, na msile panya anayeokotwa amekufa.

Halafu angalia shamba lako lilivyo. Watafiti wa SUA walilinganisha mashamba yaliyolimwa kwa trekta na yale ya kufyeka na kuchoma, yale ya trekta yalikuwa na panya wachache zaidi, kwa sababu mashimo yanavunjwa na hakuna pa kujificha. Trekta najua sio ya kila mtu, lakini kufyeka vichaka vya pembeni mwa shamba na kupanda tarehe moja na wenzako hakuhitaji pesa. Anayepanda peke yake wiki mbili kabla ya wengine anawalisha panya wa kijiji kizima.

Na bundi jamani. Muacheni bundi. Najua tulivyolelewa, akilia juu ya paa watu hawalali, wengine wanamtafuta kwa mawe. Yule anakula panya usiku kucha bila kukudai senti, na ukimuua unabaki na panya wake wote.

SWALI: Salamu daktari. Sisi huku kusini panya buku ni kitoweo tangu enzi za mababu. Tangu ile homa ya mgunda watu wanatutisha kwamba tutakufa. Ukweli ni upi? (Msomaji, Lindi)

Nashukuru umeuliza bila kuona haya, na mimi sitakusimanga kwa kitoweo chako. Homa ya mgunda ni ugonjwa unaoitwa leptospirosisi, unaletwa na bakteria wanaokaa kwenye figo za mnyama na kutoka na mkojo. Mwaka 2022 kule Ruangwa wizara ilitangaza wagonjwa 20, watatu kati yao wakafariki, dalili zikiwa homa, kichwa, mwili kuchoka na wengine kutokwa damu puani. Panya wamo, tena wengi, lakini sio peke yao, ng'ombe wanao, nguruwe wanao, mbwa wanao. Pale SUA kuna maabara iliyoufanyia kazi ugonjwa huu kwa muda mrefu, na kuna aina moja ya hawa bakteria duniani inaitwa Sokoine, kwa sababu waliitenga kwa mara ya kwanza Morogoro, na unajua waliitoa kwa mnyama gani? Ng'ombe. Kwa hiyo anayekucheka wewe na panya wako huku anakanyaga mkojo wa ng'ombe zizini peku peku, na yeye aangalie.

Nyama ikiiva vizuri bakteria hawa wamekufa. Hatari iko kwenye kumtayarisha. Pale unapompasua, mkojo na damu vinakugusa mikono, na kama una mchubuko au ukijifuta jicho, wameshaingia. Vaa glavu au hata mfuko wa nailoni mkononi, usimpe mtoto kazi hiyo, utumbo na figo zifukiwe zisitupwe kwa mbwa, ubao na kisu vioshwe kwa sabuni, na maji yaliyotuama ya kwenye majaruba usiyaingie na kidonda kilicho wazi.

Cha mwisho hapa ni kikubwa kuliko vyote. Homa hii inafanana na malaria. Kuna utafiti ulifanyika Moshi mwaka 2007 na 2008 kwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, zaidi ya nusu waliandikiwa malaria, vipimo vya kina vikaonyesha wenye malaria kweli hawakufika hata wawili kati ya 100, na kwa wale waliopimwa leptospirosisi karibu tisa kati ya 100 walikuwa nayo. Sikulaumu wewe wala daktari wako, siku hizo vipimo vilikuwa vichache. Ila homa ikikushika, kipimo cha malaria kikasema huna, halafu misuli ya vigimbi vya miguu inauma, macho mekundu au ya njano, mwambie daktari waziwazi kwamba unachinja panya, au unalima mpunga, au unalala karibu na mifugo. Hiyo sentensi moja inambadilishia mawazo. Ugonjwa unatibika kwa antibayotiki za kawaida kabisa kama doksisaiklini ukiwahi, ukichelewa unaingia kwenye figo na ini. Na usishangae ukiambiwa urudi baada ya wiki mbili kutolewa damu tena, damu ya mara ya kwanza mara nyingi haitoshi, wanataka waone kinga ya mwili imepanda kiasi gani kati ya ile ya kwanza na ya pili.

SWALI: Dokta mambo. Niko kidato cha sita PCB (fizikia, kemia na biolojia) nataka kusoma SUA nifanye kazi na wale panya lakini dada yangu anasema ni kuwatesa wanyama. Pia je, ni kweli panya alipewa medali? (Mwanafunzi, Iringa)

Poa kabisa. Medali ni kweli, aliitwa Magawa, alizaliwa hapo Tanzania mwaka 2013, akapelekwa Kambodia kutafuta mabomu ya ardhini, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza, linalotibu wanyama, likampa medali ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Alistaafu 2021 akafa Januari 2022 akiwa mzee. Panya hawa ni wepesi, hawalipui bomu wakikanyaga juu, na hata kwa jirani yetu Msumbiji walifanya kazi hiyo, nchi ambayo mwaka 2015 ilitangazwa kuwa imemaliza mabomu yanayojulikana.

Dada yako anauliza swali zuri, mnyama wa utafiti lazima mtu amsemee. Hawa wanafanya kazi asubuhi na mapema kabla ya jua kali kwa sababu ni wanyama wa usiku, masikio na mkia vinapakwa losheni ya kuzuia jua, asiyetaka kufanya kazi siku hiyo anarudishwa, na akizeeka anatunzwa mpaka anakufa. Mimi hapo sioni mateso.

PCB iko sawa. Udaktari wa wanyama pale ni miaka mitano, lakini kuna pia bioteknolojia na sayansi za maabara, na kuna usimamizi wa wanyamapori, na kusema kweli wengi wanaoshika panya kila siku sio madaktari, ni wakufunzi waliofundishwa kazini, wanamzoea mtoto wa panya tangu macho hayajafunguka vizuri, wanambeba, wanampeleka asikie kelele za magari, na mafunzo yote yanachukua kama miezi tisa. Ukifika mwaka wa kwanza nenda ukaombe kujitolea likizo. Na hesabu usiziache, data za panya zile za miaka yote zinataka mtu anayejua takwimu, na hao ndio wachache.