Nimuuzie jirani mabingobingo ya saileji kwa bei gani?

Swali: Shikamoo daktari. Nipo Muheza, nina ekari mbili za mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, masika hii yamestawi mpaka yananifika kifuani. Jirani ana ng'ombe wanane wa maziwa, anataka ayakate mwenyewe akatengeneze saileji (majani mabichi yanayokatwakatwa na kushindiliwa yasiingie hewa ili yahifadhike), ananipa laki tatu shamba zima. Mi sifugi, sijui kama napunjwa. Bei ya haki ni ipi?

Jibu: Marahaba binti yangu, umefanya la maana kuuliza kabla panga halijaingia shambani, maana yakishakatwa huna tena cha kupimia.

Kwanza usiuze kwa ekari. Ekari moja ya mabingobingo inaweza kutoa tani 4 na nyingine ikatoa tani 15, na kwa macho mzoefu hapo ni mnunuzi sio wewe. Chukua vijiti vinne na kamba, pima mraba wa mita moja kwa moja, kata yote yaliyomo ukiacha kisiki cha sentimita 10 hivi, tia kwenye kiroba uning'inize kwenye mzani. Rudia sehemu kama 10 na usichague palipostawi tu, piga na kwenye mapengo. Kila kilo 1 ndani ya mraba ni kama tani 4 kwa ekari, kwahiyo wastani ukiwa kilo 2 na nusu una tani 10 kwa ekari, shamba zima 20.

Alafu kuna maji. Katakata kilo 1 ya hayo majani, anika juani kwenye turubai, pima kila jioni mpaka uzito ugome kushuka. Ikibaki gramu 200 na kidogo basi chakula hasa ni asilimia 20, kingine chote ni maji, yaani kwenye tani zako 20 jirani anachukua tani 4 kavu. Hizo ndo mnauziana.

Sasa bei, na hapa weka bei za kwenu, mi natolea mfano tu. Anza na upande wa jirani: asiponunua kwako atanunua hei, yaani majani makavu. Tuseme robota (furushi lililofungwa) la kilo 15 ni 4,500 hapo Muheza, ukitoa unyevu kidogo uliomo kilo kavu inamsimamia kama 350. Saileji nayo inapotea njiani kwa kuoza na kuvuja, mwachie asilimia 15, inabaki kama 300. Toa vibarua, gari, mafuta ya mashine ya kukatia, molasesi na nailoni, tuseme 150 kwa kilo kavu. Inabaki 150, mara kilo 4,000 ni laki sita. Akizidisha hapo bora akanunue hei.

Upande wako ndo watu wengi wanapojiumiza, kwasababu wanahesabu palizi tu wanasahau kwamba majani yanaondoka na rutuba. Majani yenye protini asilimia 8, tani 4 kavu zinabeba kama kilo 51 za naitrojeni, na mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 tu za naitrojeni, kwahiyo jirani anaondoka na mifuko miwili na zaidi ya mbolea yako, potasiamu sijaihesabu na mabingobingo yanaila sana hiyo. Nimeshaona shamba Pongwe liliuzwa hivi hivi misimu mfululizo bila kurudishiwa kitu, majani yakaja ya njano, mashina membamba kama kidole, mwenyewe akawa analaumu mbegu wakati ardhi ndo imechoka! Yurea mifuko miwili tuseme laki na nusu, palizi laki na ishirini, tayari 270,000. Hiyo laki tatu yake inakurudishia gharama tu.

Kwahiyo kwa mfano huu haki iko kati ya 270,000 na 600,000, mi ningesimama kwenye laki nne na nusu. Au kama ana samadi ya kutosha, na kwa ng'ombe wanane anayo, shuka mpaka laki tatu na nusu lakini samadi irudi shambani kwako, aisombe yeye na idadi ya matripu iandikwe. Mi binafsi hii ndo naipenda zaidi.

Andikeni na tarehe ya kukata. Yakishapita wiki nane tangu yaanze kuchipua mashina yanakomaa, uzito unaongezeka lakini ng'ombe anayabagua, na wewe kila wiki anayochelewa inakula mkato wako unaofuata. Alipe nusu kabla. Na mvua ikinyesha siku hiyo gari lisiingie shambani, wabebe matita mpaka barabarani, tairi kwenye tope zinaua visiki.