Nilikosa kazi ya mgodini kwa kukimbilia mto

Wiki jana kijana wa Changamwe, hapa Mombasa, aliniandikia: "Salaam aleikum kaka, nami nataka kuingia kazi ya kupima maji ya migodi. Ninunue mashine gani ya kwanza?" Kanikuta na kidonda kibichi. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimesoma barua pepe ya kunikatalia kazi ya aina hiyo, kwenye mgodi wa makaa ya mawe wa chini ya ardhi uliosimamishwa, huko Afrika Kusini.

Miaka 14 napima visima, Kisauni hadi Diani, kwa hiyo niliingia intavyu kifua mbele. Swali la kwanza: mgodi umesimama, pampu zimezimwa, mto wa jirani ni safi. Siku ya kwanza unapima nini? Nikabwabwaja: asidi ya mto, chuma, salfeti! Mama aliyeuliza akasema "Sawa," ile sawa ya mtu anayekufungia mlango polepole.

Jibu lilikuwa kina cha maji shimoni. Makaa mengi yana pairiti, madini ya chuma na salfa, na pairiti ikikutana na hewa na maji huzaa asidi. Mgodi ukiwa kazini pampu huyatoa maji. Zikizimwa maji hupanda taratibu, pengine kwa miaka, yakiosha kuta zile, mpaka yapate tundu la kutokea. Muda wote huo mto waweza kuwa safi kabisa. Wheal Jane huko Cornwall, Uingereza, ulikuwa mgodi wa bati, si wa makaa, lakini kisa ni kilekile: ulifungwa 1991, na Januari 1992 maji yake yalifumka, mto Carnon ukageuka rangi ya chungwa. Anayepima mto peke yake huja kujua siku hiyo, pamoja na wapita njia.

Kinachoniuma ni kwamba nilijua maji ya chini hupanda na kushuka bila wewe kuyaona. Kisima cha ami yangu Likoni kilinifunza zamani. Ardhi yetu ya matumbawe imejaa matundu, bahari ikijaa kisima kinapanda, ikipwa kinashuka. Mwezi mmoja nilipima maji yamejaa, mwezi wa pili nikapima yamepwa, tena wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, saa sikuandika. Nikaona tofauti ya sentimita 40, nikaripoti kisima kinakauka. Tajiri wangu wa wakati huo aliisoma ripoti ile kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote, akicheka. Ami naye hakucheka. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hukuitazama bahari?"

Basi vijana, andikeni saa. Andikeni na mvua ya jana. Kina kipimwe kabla hujagusa kitu kingine, kutoka alama ileile ya rangi mdomoni mwa bomba la kisima. Halafu toa maji mara tatu ya yale yaliyomo bombani ndipo ujaze chupa, kwa sababu yaliyolala humo yamekwisha kubadilika. Mto upimwe kabla haujaufikia mgodi na baada ya kuupita, siku moja.

Na chupa ya sampuli ya kupimia chuma! Hii nimeilipia. Niliwahi kutoka Kwale na sampuli safi kama maji ya mfereji, nikakwama foleni ya feri kwa muda wa karibu saa tatu, jua la saa nane. Kufungua kisanduku, kutu imetulia chini ya chupa kama masimbi ya kahawa. Maabara wakapima maji ya juu, wakasema chuma ni kidogo. Sampuli ya chuma kilichoyeyuka huchujwa palepale kisimani, kisha hutiwa asidi ya naitriki mpaka pH, kipimo cha ukali wa asidi, ishuke chini ya 2. Pale pale, si nyumbani.

Lakini nyinyi mnapenda mashine yenye kioo kinachowaka, mpige nayo picha. Daftari nani analipiga picha? Nasema hivi nami nikiwa na mashine tatu kabatini, moja sijaisawazisha tangu Ramadhani.

Kijana wangu wa Changamwe, nunua ule utepe wa kina unaolia ncha ikigusa maji. Jumamosi njoo Likoni kwa ami, ufike maji yakiwa yamepwa, na ukae mpaka yajae. Chai ipo.