Kwa nini ulichelewa kutahiriwa

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini watoto wa baba yako mkubwa walitahiriwa wote siku moja wewe ukaachwa, na kama huyo mnayemtarajia anaweza kuzaliwa kama wewe.

Ulizaliwa tundu la mkojo likiwa upande wa chini wa uume, si kwenye ncha. Madaktari huiita haipospadia. Mkunga aliiona kabla hujafungwa nepi: govi lilifunika juu tu, chini hapakuwa na kitu. Ulipokojoa, mkojo ulishukia mapajani. Akamwambia mama yako, "Huyu asitahiriwe." Ngozi ya govi ndiyo daktari huitumia kutengenezea au kufunikia njia mpya ya mkojo, ukishaikata, akiba imekwisha. Majirani walisema yao, tukanyamaza.

Ulipasuliwa kabla ya kutimiza mwaka na nusu. Ulitoka na mpira mwembamba wa mkojo, mama yako akikuvalisha nepi mbili, moja juu ya nyingine, mpira ukipenya ya ndani na kudondoshea kwenye ya nje. Baadaye kando ya mshono pakatokea kijitundu kinachovuja. Hutokea sana kwa upasuaji huu, hata mikono ikiwa mizuri. Ikabidi kusubiri kama nusu mwaka ngozi ilainike, ndipo kikazibwa.

Si ulozi, wala si chakula alichokula mama yako. Njia ya mkojo ya mtoto wa kiume hujifunga katika miezi minne ya kwanza ya mimba; ikiishia katikati, tundu hubaki chini. Hutokea kwa takriban mtoto 1 kati ya kila wavulana 200 hadi 300, na mara nyingi chanzo hakionekani. Baba akiwa nayo, hatari kwa mwanawe huongezeka, lakini takriban 9 kati ya 10 huzaliwa bila tatizo hilo. Lile swali jingine, uliloona haya kuniuliza, mimba ya mkeo imeshalijibu.

Akizaliwa wa kiume, daktari amtazame tundu, na pia apapase korodani zote mbili. Tundu likiwa chini na korodani hazishikiki, vipimo vya homoni na kromosomu vitangulie kabla ya upasuaji wowote.

Bibi yako ataanza kuulizia tohara wiki hiyohiyo. Mwambie anipigie mimi.

Baba yako