Ukitaka kuongea sayansi na watu, anzia jikoni

Jamani huu ni mwaka wangu wa nne najitolea kwenye Wiki ya Sayansi huku Uingereza, ile ya mwezi wa tatu inayosimamiwa na British Science Association, na kuna kitu nataka niwaambie mnaofikiria kufanya mambo haya, iwe huku au nyumbani.

Mwaka wa kwanza niliandaa slaidi. Asidi, besi, pH, kila kitu kimepangwa, nikasimama mbele ya watu kwenye ukumbi wa maktaba nikaanza kueleza, dakika kumi tu wazazi wakaanza kuwavalisha watoto makoti. Iliniuma sana aisee, maana sayansi naipenda kwelikweli.

Mwaka uliofuata laptop niliiacha. Nikachemsha rozela kavu, mama alinitumia kutoka Morogoro, nikaigawa kwenye vikombe, pembeni nikaweka limau na magadi yale ya kupikia maharage, sikueleza kitu. Binti mmoja wa kama miaka sita akachota magadi kwa ncha ya kijiko, akakoroga, wekundu wote ukapotea ikawa kijani. Akanyamaza. Halafu akakamulia limau, povu likapanda hadi mdomoni mwa kikombe, chini wekundu unarudi, ndo akaniuliza hilo povu linatoka wapi. Sasa hapo ndo unaongea! Hewa ya kaboni dayoksaidi, asidi imekutana na magadi, na mama yake naye kasogea anasikiliza.

Kwa hiyo ushauri wangu, subiri swali. Usimpe mtu jibu la kitu ambacho hajajiuliza. Hawa jamaa wa British Science Association wenyewe chama chao kilianza York mwaka 1831, na kwenye mkutano wao wa Oxford mwaka 1894 mwanafizikia Oliver Lodge aliwaonyesha watu ishara zikisafiri bila waya, yaani kuonyesha ni jadi yao toka zamani. Hata tuzo zao za CREST za wanafunzi ziko hivyo, ile ya ngazi ya shaba ni mradi wa kama masaa 10 na mtoto anaweza kuchagua swali lake mwenyewe.

Ukijaribu hii ya rozela, magadi yawe kidogo sana, ukizidisha utamaliza limau zote kabla wekundu haujarudi. Watoto wasionje, wanawe mikono, na vikombe viwe vya kuonekana ndani. Na chemsha rozela nyingi, kila mtoto atataka kurudia.