CR-V ya zamani ikizimika kwa joto, usikimbilie pampu

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia: CR-V yake ya 1998 inazimika kwenye foleni, ikipoa inawaka, na fundi ameshamwambia anunue pampu ya mafuta. Damu ilinichemka. Pampu hiyo hiyo nami nililipishwa, zikafuata plagi na waya zake, na gari likaendelea kunizimikia juani pale Kimara, daladala zikinipigia honi nyuma. Gereji ile hata pole haikunipa.

Kilichokuwa kimekufa kwenye gari langu ni ignaita, kifaa kidogo cha umeme. CR-V za mwanzo, zenye injini ya B20B, wameificha ndani ya distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, pamoja na koili inayotengeneza umeme mkali wa cheche. Ndiyo inayokata umeme wa koili ili plagi zitoe cheche. Ikishachoka, joto linaizima; ikipoa inafanya kazi tena, ukadhani gari limepona.

Likigoma, washa swichi bila kupiga stata, usikilize. Pampu ikinguruma kama sekunde 2, iache. Ikiwa kimya, kagua kwanza relei kuu, yaani swichi ya umeme inayoiwasha pampu, nayo kwenye Honda hizi husumbuliwa na joto. Kisha piga stata huku ukitazama mshale wa RPM, unaoonyesha kasi ya injini. Ukilala kabisa, na plagi haitoi cheche, shuku ignaita.

Niliibadilisha mwenyewe uani, bisibisi ya nyota mkononi, na najivunia kazi ile mpaka leo. Toa nyaya ya hasi kwenye betri, fungua kifuniko cha distribyuta. Skrubu ya rota, kile kipande kinachozunguka ndani, inakuwa imejificha. Zungusha injini taratibu mpaka ikuelekee, usiilazimishe ukaiharibu kichwa. Ignaita imeshikwa na skrubu 2 na waya 4. Zipige picha kabla hujachomoa. Mgongoni utakuta grisi nyeupe iliyokauka. Ifute, upake mpya ya kupitisha joto, kwa sababu ukiifunga kavu hata mpya itaungua. Distribyuta yenyewe usiilegeze, timingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, isihame.

Jamani, tuache kununua spea kwa kubahatisha! Fundi akikutajia kifaa, mwulize amepima nini. Asiyeweza kukujibu asiguse gari lako, hata awe shemeji yako. Na ukifika Kariakoo usidanganyike na ignaita ya mtumba kwa bei rahisi. Dukani itapima vizuri ikiwa baridi, ikuzimikie ukishaingia kwenye foleni.