Sababu Mbili za Kuendesha Baiskeli Hadi Kisumu

Juzi mwanafunzi mmoja wa Kakamega aliniandikia: "Kaka, nataka kujiunga na safari ya baiskeli ya kuchangia wagonjwa, lakini nyumbani wananiuliza sababu. Niwaambie nini?" Nilicheka peke yangu. Swali hilohilo lilinitoa jasho mimi pia nilipojiunga, kabla hata sijagusa pedali.

Sababu niliyoijaza kwenye fomu ya safari hiyo ilikuwa nzuri mno. Mdogo wangu wa kike ana selimundu, ule ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu za damu hujipinda kama mundu, zikaziba mishipa midogo na kumletea mtu maumivu yasiyoelezeka. Kwetu kando ya Ziwa Victoria familia nyingi zinaujua. Baba na mama wote wameubeba bila kuugua, kwa hiyo kila mtoto wao alikuwa na nafasi moja kati ya nne ya kuupata. Kura ikaniruka mimi, ikamwangukia yeye. Nikaandika kwamba nitatoka Nakuru hadi Kisumu, kilomita kama 180 kwa siku mbili, kwa ajili yake na wenzake. Watu walilia, wakatuma pesa.

Sababu ambayo sikuijaza ni mjomba wangu. Kwenye matanga ya nyanya, mbele ya ukoo mzima, alihesabu vitu nilivyoanza nikaviacha: kwaya, kuku wa mayai, kozi ya kwanza chuoni. Kisha akasema, "Huyu atafika Salgaa tu, hapo karibu na Nakuru, arudi juu ya lori la viazi." Watu wakaangua kicheko. Mama naye alicheka, kidogo tu, akaficha mdomo kwa leso. Kicheko hicho cha mama ndicho kilichoniamsha kila alfajiri miezi minne, Njoro hadi Nakuru mjini na kurudi. Mazoezi yenyewe sina la kusimulia. Ni kukanyaga.

Sasa sikiliza. Ukishapita Salgaa, barabara inapanda Sachangwan kuelekea Mau Summit, na trela zinazoteremka zinanuka breki. Hapo Sachangwan ndipo lori la mafuta lilipolipuka Januari 2009 na kuua zaidi ya watu mia moja, kwa hiyo hata moyo haukai sawa. Mapaja yalikuwa yanatetemeka. Nilijaribu kumfikiria mdogo wangu akiwa kitandani, nikaishia kutaka kulia. Nikamfikiria mjomba na viazi vyake. Magurudumu yakaenda! Naungama hivyo, na anayetaka kunihukumu aanzie kwenye kile kilima.

Ndiyo maana nakwambia, ndugu yangu wa Kakamega, kuwa na sababu mbili. Ile safi wape wanaochanga, nayo iwe ya kweli, usiwadanganye watu pesa zao. Ile nyingine ibebe mwenyewe. Vijana wa siku hizi tunapenda kuonekana malaika kwenye picha, tumevaa fulana za msaada, na ndani tumejaa ugomvi. Jiulize kwa ukweli unakwenda kumwonyesha nani. Jiulize tena kabla ya kununua kofia.

Mengine ni madogo. Kunywa maji kabla ya kiu. Beba koti, Kericho mvua ya alasiri haikuulizi. Beba tyubu mbili. Mimi nilibeba moja, nikapata pancha mara mbili, na fundi wa kando ya barabara pale Kapsoit akaniziba akitikisa kichwa. Kutoka hapo ni mteremko mtamu hadi ujikute Ahero kwenye mashamba ya mpunga, joto la ziwa likikupiga usoni.

Kisumu nilimkuta mdogo wangu amekaa kivulini. Nilingoja anikumbatie. Akanitazama miguu, akasema, "Nani alikuambia nataka uteseke? Mimi nilitaka unipeleke Dunga tule samaki." Nilinyamaza. Kumbe muda wote huo sikuwahi kumuuliza. Kesho yake tulienda Dunga kwa tuktuk, mimi nikiwa nimekalia paja moja.

Mjomba naye alikuwa ameahidi shilingi 50 kwa kila kilomita nitakayomaliza. Hizo ni 9,000. Nikimpigia ananiambia mtandao unasumbua. Huu ni mwezi wa tatu.