Jibu: kesi ya mauaji jukwaani ndani ya Boma la Arusha

Kaka, umeuliza jinsi ya kuigiza kesi ya mauaji ndani ya Boma la Arusha, jengo la zamani la Wajerumani. Unataka kuiga London, ambako mchezo wa kuigiza wa mwandishi Agatha Christie unaonyeshwa katika jengo la County Hall tangu 2017 na watazamaji 12 hukalia viti vya juri (raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia). Ukihamishia kesi hapa Arusha, juri iache, maana mahakama zetu hazina. Weka jaji wa Mahakama Kuu na wazee wa baraza wawili au watatu (raia wanaompa jaji maoni yao). Tangu 2022 jaji anaweza hata kukaa bila wao, kwa hiyo kama waigizaji ni wachache, wapunguze hao.

Kosa linaloudhi wanaojua sheria: mshtakiwa wa mauaji kukana shtaka mbele ya hakimu. Haruhusiwi kujibu chochote pale. Anasikia "upelelezi haujakamilika", anarudi mahabusu, na kwa kawaida anajibu Mahakama Kuu. Hapo ndipo penye mchezo mzuri.

Kuhusu sauti, kuta nene za jengo la Wajerumani kama lile hurudisha mwangwi na maneno ya shahidi yanagongana. Piga kofi moja katikati ya chumba kitupu. Mlio ukibaki, simamisha mapazia mazito nyuma ya watazamaji kwa stendi (hilo ni jengo la makumbusho, msumari ukutani sahau). Spika zitaongeza mwangwi tu. Kizimba kitazame watazamaji kwa mshazari, wakili aulizie pembeni yao, vinginevyo wataona kisogo cha shahidi wakati anapodanganya, na uso wake ndio wanaoulipia kiingilio.